Dermoskopi kwa upele na funza: tafuta handaki kabla ya mdudu

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika zahanati moja upande wa Pangani. Tumepewa dermoskopi ndogo (lenzi yenye taa ya kutazamia ngozi) inayokuza mara 10, ya kufunga kwenye simu. Wiki mbili hizi nimewapima watoto zaidi ya kumi wa madrasa moja, wote wanajikuna, lakini ile pembetatu ya kahawia ya mdudu wa upele, niliyosoma habari zake, nimeiona kwa mmoja tu, na hata huyo sina hakika naye. Kosa ni langu, ni la kifaa, au watoto hawana upele? Je, kifaa hiki kinafaa pia kwa funza, na kwa ile minyoo inayotambaa chini ya ngozi kwa watu wanaokaa ufukweni? Mwisho, kuna mama kutoka Muheza anayewashwa mwili mzima kwa miezi mingi. Nimemtazama kila mahali sikuona kitu.

Jibu: Marahaba, tabibu. Kwa maelezo yako, yaelekea watoto wana upele na kifaa ni kizima. Shida iko kwenye mpangilio wa kutafuta. Unamtafuta mdudu moja kwa moja, na mdudu huyo haonekani mpaka kwanza upate handaki alimo. Nitakaa sana kwenye jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua kama dermoskopi itakufaa au itabaki kabatini.

Mtu mwenye upele wa kawaida ana wadudu wachache sana, kama kumi hadi kumi na tano mwili mzima. Vipele anavyokuonyesha mtoto, vile vya tumboni, mapajani na matakoni, vingi havina mdudu ndani. Ni mwili unaomkataa mdudu pamoja na mayai na kinyesi chake. Unaweza kuweka lenzi juu ya vipele hamsini vya tumboni usikute hata mmoja, na mtoto akawa ana upele kamili. Mdudu huyu, ambaye ni jamaa ya utitiri wa kuku, huchimba katika tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa. Jike lina urefu wa milimita 0.3 hadi 0.5. Mahali anapopenda ni pachache: katikati ya vidole vya mikono, ubavuni mwa vidole, ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho, na mkunjo wa kifundo cha mkono. Kwa mtoto mchanga ongeza nyayo na viganja. Kwa mwanamume ongeza uume na korodani, na kwa mwanamke ongeza eneo linalozunguka chuchu. Anza na mikono, kila mara.

Mkalishe mtoto, kunja kanga uiweke mezani, naye alaze mkono juu yake, vidole vimeachana. Wewe egemeza ubavu wa kiganja chako kwenye meza hiyo hiyo ili mkono wako usitikisike. Kwanza tazama kwa macho matupu kwenye mwanga wa dirisha, ukiuinamisha mkono wa mtoto huku na huku. Unatafuta mstari mwembamba mweupe uliopinda, wa milimita 5 hadi 10, wakati mwingine mfupi zaidi. Ukishauona, weka dermoskopi ikiwa kavu, bila mafuta wala jeli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamimina jeli kwanza. Handaki hujitokeza kwa sababu ngozi ya juu yake imenyanyuka na ina magamba madogo na hewa. Jeli ikiingia, magamba yanakuwa maangavu na handaki linapotea mbele ya macho yako. Kama kifaa chako kina swichi ya kubadili mwanga, anza na ule usiochujwa. Unaonyesha vizuri zaidi mambo ya juu ya ngozi. Mwanga wa polaraizi, ambao umechujwa ili kuondoa mng'ao, unakupeleka ndani zaidi, na utauhitaji katika hatua ya pili.

Ukiwa umelipata handaki, fuata mwelekeo wake. Ncha moja ina magamba yaliyofunguka kama mlango. Hapo ndipo mdudu alipoingilia. Ncha ya pili imefungwa, na huko ndiko aliko. Sasa ndipo uweke tone moja la jeli ya ultrasaundi kwenye ncha hiyo iliyofungwa, uishushe lenzi kwa kuanzia ukingo mmoja ili hewa itoke upande wa pili. Ukiishusha wima unafungia mapovu, na povu dogo lenye ukingo mweusi linadanganya sana. Kitakasa mikono cha jeli kinatumika, lakini kinachoma kwenye ngozi iliyokunwa; mtoto atavuta mkono na mchezo utakuwa umeisha. Mafuta ya nazi safi nayo yanafaa, maana kwa joto la pwani hubaki majimaji. Yachuje kwanza, kwa sababu machicha kidogo tu chini ya lenzi yanaonekana kama kitu kumbe si kitu.

Usijaribu kuamua papo hapo kwenye kioo cha simu. Gusa kioo ili kamera ishike fokasi, piga picha nne au tano za sehemu ile ile, kisha ndipo ukuze picha kwa vidole na kuitazama kwa utulivu. Kuvuta kwa kamera kabla ya kupiga hakukuongezei chochote kwa simu nyingi. Kunakuza ukungu tu. Picha iwe ya ngozi peke yake, bila uso wala jina, na isikae pamoja na picha zako za nyumbani.

Sasa hiyo pembetatu. Watafiti wa Italia, Argenziano na wenzake, waliieleza mwaka 1997 kwa mfano wa ndege ya jeti inayoacha moshi nyuma yake: pembetatu ndogo ya kahawia iliyokoza ndiyo ndege, na handaki jeupe ndilo moshi. Wao walitumia ukuzaji wa mara 40. Kwa mara 10 usitegemee kumwona mdudu mzima. Mwili wake ni kama maji, haushiki rangi. Kinachoonekana ni kichwa na miguu ya mbele, sehemu zilizo ngumu na zenye rangi, na ukubwa wake kwenye lenzi yako ni kama nukta iliyowekwa na kalamu. Ukikuza picha vizuri, mara nyingine utaona duara hafifu nyuma ya pembetatu. Huo ndio mwili.

Maelezo mengi unayosoma yametokana na ngozi nyeupe, ambako kahawia inasimama peke yake. Kwenye ngozi zetu kahawia inalala juu ya kahawia. Kwa hiyo usipoteze muda mgongoni mwa mkono wala tumboni. Tafuta pale ambapo ngozi yenyewe ina rangi hafifu: ndani ya vidole, ukingo wa kiganja, wayo wa mtoto mchanga. Na mahali ambapo pembetatu haionekani kabisa, handaki lenyewe lililokamilika, lenye kupinda na magamba kwenye mlango, ni ushahidi mzito ukilijumlisha na dalili nyingine.

Pana jambo la hina pia, ambalo vitabu havilisemi. Mtoto wa kike aliyetoka harusini ana viganja vyekundu au vya kahawia, na rangi hiyo imo ndani ya tabaka lile lile ambalo mdudu anachimba. Huko hutaona pembetatu. Nenda kwenye mkunjo wa kifundo au katikati ya vidole ambako hina haikufika. Piko nayo, ile nyeusi yenye dawa ya nywele, inaweza kuleta mzio unaowasha vibaya. Muwasho unaofuata michoro ya piko ni wa piko, usiusingizie upele.

Kosa la upande wa pili ni kuona mdudu asiyekuwepo, na hili linanitia wasiwasi zaidi kuliko kumkosa. Utafiti uliofanyika Paris na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa dermoskopi iliwagundua wagonjwa 91 katika kila 100 wenye upele, na kati ya wasio na upele ikawaondoa 86 katika kila 100. Ni matokeo mazuri. Lakini utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2011, kwenye mazingira yanayokaribiana zaidi na yetu, ulipata 83 kwa wenye upele na 46 tu kwa wasio nao. Yaani zaidi ya nusu ya wasio na upele waliambiwa wanao. Ngozi iliyokunwa imejaa nukta za kahawia: damu iliyokauka, punje ya mchanga, uchafu ulioingia kwenye mchubuko. Kwa wanaofanya kazi mashamba ya mkonge utakuta na vipande vya nyuzi mkononi. Uzi wa mkonge ni mstari ulionyooka, wenye unene ule ule mwanzo hadi mwisho, wala hauna magamba. Handaki la upele linayumba kama njia ya ng'ombe. Kanuni ya kushika ni hii: pembetatu isiyokuwa kwenye ncha ya handaki usiihesabu. Kwa yule mtoto mmoja unayemtilia shaka, rudi kwenye picha utazame kama kuna mstari mweupe nyuma ya nukta. Kama haupo, mwandike kuwa hujaona mdudu.

Ukitaka uhakika, dermoskopi inakuonyesha pa kuchukua sampuli. Katika utafiti ule wa Brazil, njia ya selotepu haikumsingizia mtu yeyote, ingawa iliwakosa wagonjwa wengi kuliko dermoskopi. Kata kipande cha selotepu angavu, ile imara ya kufungia maboksi, ibandike juu ya ncha iliyofungwa ya handaki, isugue kwa kidole, ing'oe kwa mkupuo mmoja, kisha ibandike kwenye slaidi. Fanya mara mbili au tatu mahali pale pale. Slaidi hiyo inasafiri bila tabu hadi palipo na hadubini. Ukipendelea kukwangua, weka tone la mafuta kwanza, tumia kisu cha upasuaji namba 15 kikiwa kimelala, kwangua mpaka karibu kutoka damu, na upeleke yote yaliyomo kwenye mafuta. Maabara wakitumia potasiamu haidroksaidi, ile dawa ya kuyeyusha magamba ya ngozi, watawaona wadudu na mayai, lakini kinyesi cha mdudu kitayeyuka, nacho pia ni ushahidi. Waombe watazame kwa mafuta.

Kwa watoto wako wa madrasa, usisubiri pembetatu ndipo utibu. Vigezo vya kimataifa vya upele vya mwaka 2020 vinaweka ngazi tatu. Ugonjwa uliothibitishwa ni ule ambao mdudu ameonekana, na mdudu aliyeonekana kwa dermoskopi anahesabiwa. Ngazi ya pili ni ya kutambua kwa dalili: mahandaki, au vipele vya kawaida kwenye sehemu za siri za mwanamume, au vipele vya aina na mahali panapofahamika pamoja na mambo mawili, yaani muwasho na kukaa karibu na mgonjwa. Ngazi ya tatu ni ya kushuku, pale vipele vinapofanana lakini jambo moja tu kati ya hayo mawili lipo. Mtoto anayewashwa, mwenye vipele vya vidoleni, anayelala mkeka mmoja na mwenzake anayewashwa, ametimiza ngazi ya pili hata lenzi yako ikinyamaza. Watibu nyumba nzima kwa siku moja, na rudia dozi kama mwongozo unavyoelekeza. Kumbuka kwamba mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa. Ndugu asiyejikuna leo anaweza kuwa ndiye atakayewarudishia wenzake ugonjwa mwezi ujao. Vidonda vyenye usaha vitibu navyo, maana bakteria wanaoingia kwenye upele wanaweza kuishia kuumiza figo za mtoto.

Baada ya matibabu muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne ingawa wadudu wamekufa, na mdudu aliyekufa anabaki ndani ya handaki mpaka ngozi ile ipuputike. Kwa hiyo pembetatu ya siku ya tano haimaanishi dawa imeshindwa. Tazama tena wiki mbili baada ya dozi ya mwisho. Ukiona mahandaki mapya, mahali ambapo hayakuwepo kwenye picha za mwanzo, hapo ndipo useme ugonjwa umerudi au dawa haikupakwa ipasavyo.

Kwa funza kifaa chako kinakufaa kwa urahisi zaidi, na hata mara 10 inatosha kabisa. Ila kwanza tuelewane kuhusu neno. Funza kwetu ni yule kiroboto wa vidoleni, ambaye wengine humwita tekenya, na funza pia ni buu la nzi. Mgonjwa akikwambia "nina funza mgongoni" anaweza kuwa anazungumzia buu la nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa au mchangani, naye hukaa chini ya ngozi kama jipu lenye tundu. Ukiweka lenzi kwenye tundu lile utaona mwisho wa buu, mweupe, wenye vitundu viwili vya kupumulia, ukicheza ndani na nje. Ziba tundu kwa mafuta mazito, subiri, atajisogeza juu, umkamue. Nguo zipigwe pasi, na mishono pia.

Kiroboto funza hakuwepo Afrika zamani. Aliletwa kutoka Brazil na meli iliyofika Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima mpaka pwani hii. Jike lisilozidi milimita 1 huingia kichwa mbele na kuacha mkia nje, kisha tumbo huvimba kwa mayai mpaka kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Mkia ule ndio unaoutafuta. Kwenye lenzi utaona duara la kahawia au jeusi, na katikati yake tundu moja dogo jeusi, ambalo ndilo analopumulia, analotolea kinyesi na mayai. Kulizunguka, kuanzia siku ya pili au ya tatu, ngozi inakuwa nyeupe iliyotuna. Mara nyingine utaona pia weusi wa bluu kama wino uliomwagika, au nyuzi nyeupe zilizoungana kama mnyororo. Osha mguu kwa sabuni kwanza. Kwenye wayo wenye vumbi kila ufa una nukta nyeusi.

Ni muhimu ujue kama yu hai, kwa sababu aliyekufa hana haja ya kuchokonolewa. Mwili wenyewe utamtoa. Mkazie lenzi bila kumgandamiza kwa dakika kama kumi na tano: tundu likicheza, likitoa tone la maji, uzi wa kinyesi au yai jeupe, yu hai. Kwa kawaida anakufa kati ya wiki ya tatu na ya tano, akageuka gamba jeusi, halafu akaacha shimo la mviringo. Ukimtoa, tumia sindano safi ya mtu mmoja tu, panua ukingo wa tundu pole pole kuzunguka, umtoe mzima. Akipasuka na kipande kikibaki, uvimbe unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Baada ya kumtoa tazama shimo kwa lenzi uhakikishe halina kipande cheupe, na ulizia chanjo ya pepopunda. Pini moja kupita mguu hadi mguu nyumba nzima ni njia ya kugawa homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Waambie wazazi bila kuwaogopesha.

Vitu viwili vinafananishwa na funza. Chunjua ya wayo ina nukta nyingi nyeusi zilizotawanyika, ambazo ni mishipa midogo iliyoganda. Funza ana tundu moja katikati ya duara. Mwiba wa kiumbe wa baharini kwa mvuvi ni nukta au mstari mweusi usio na duara wala tundu. Cha tatu hakifanani sana, lakini kinaua kikikosewa: doa jeusi la wayo linalokua kwa miezi. Funza hawezi kukaa miezi. Ukiona rangi nyeusi au ya kahawia imelala kwa mistari sambamba juu ya matuta ya ngozi ya wayo, badala ya kwenye mifereji kati ya matuta, mpe mgonjwa rufaa wiki hiyo hiyo. Melanoma, ile saratani ya ngozi yenye rangi, kwa watu weusi hupenda sana nyayo na kucha.

Kuhusu ile minyoo ya ufukweni nitakuwa mfupi kwa sababu lenzi haisaidii sana. Ni mabuu ya minyoo ya mbwa na paka, na mchanga mkavu wa chini ya miti wanapolala wanyama una hatari kuliko ule unaooshwa na maji kila siku. Mstari mwekundu uliotuna, unaopinda na kusonga milimita kadhaa hadi sentimita moja au mbili kwa siku, unatambulika kwa macho. Buu hayumo ndani ya wekundu. Ametangulia mbele ya ncha, mara nyingine sentimita moja au mbili, kwa hiyo ukiamua kumtafuta, weka lenzi mbele ya mstari. Ukibahatika utaona vipande vya kahawia hafifu vilivyofuatana, na nyuma yake vinukta vyekundu vya mishipa kwenye njia tupu. Kipimo bora ni kalamu: chora alama kwenye ncha leo, mwambie arudi kesho. Handaki la upele halitakuwa limesogea kwa kuonekana. Hili litakuwa limeivuka alama. Ikiwa limesogea sentimita kadhaa ndani ya saa moja tu, hasa karibu na matako, fikiria mnyoo wa tumbo aina ya strongiloidi na upime choo. Ivermectin mikrogramu 200 kwa kilo mara moja, au albendazole miligramu 400 kwa siku kwa siku tatu, hutosha kwa wengi. Mjamzito na mtoto mdogo fuata mwongozo. Kugandisha ncha ya mstari kwa baridi acha. Buu hayupo pale, na unamwachia mgonjwa kidonda.

Chawa nao usiwasahau unapokagua madrasa. Yai lililo hai ni la kahawia na limejaa, limegandia unywele. Yai tupu ni angavu na ncha yake imekatika bapa. Mba hauna umbo, na unateleza kwenye unywele ukiuvuta.

Kifaa chenyewe kitunze. Futa lenzi kwa spiriti ya asilimia 70 kabla na baada ya kila mgonjwa, ukiwa umesoma maelezo yake kuhakikisha spiriti haili lenzi. Kwa mgonjwa mwenye upele wa magamba mazito, ambaye anaweza kubeba wadudu maelfu kwa maelfu, na kwa sehemu za siri, funika lenzi kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula, jeli upande wa ndani na wa nje, kisha tupa plastiki. Unyevu wa Pangani huotesha kuvu kwenye lenzi: hifadhi kwenye kopo linalofunga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Betri ikianza kuisha mwanga unakuwa wa manjano, nawe utaanza kuona rangi zisizokuwepo.

Sasa yule mama wa Muheza. Dermoskopi haikukosea kutokuonyesha kitu. Muheza, Korogwe na Lushoto zimo katika eneo la zamani la usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi, kandokando ya mito iendayo kasi ya milima ya Usambara. Vijiminyoo vya ugonjwa huo hukaa ndani zaidi ya ngozi, vina urefu wa kama milimita 0.3 lakini ni vyembamba kuliko unywele na havina rangi. Lenzi ya mara 10 haiwezi kuviona. Weka kifaa kando, mtazame kwa macho na umpapase kwa mikono: ngozi iliyosinyaa kama karatasi, madoa meupe kwenye muundi wa miguu, vinundu vigumu juu ya mifupa ya nyonga, mguu mmoja uliovimba na kuwa mweusi kuliko mwingine. Mpime VVU, na uulize kuhusu ini, figo na dawa anazotumia, kwa sababu muwasho wa miezi una milango mingi. Kisha mpe rufaa hospitali ya mkoa ya Bombo, Tanga, ukiomba kipande kidogo cha ngozi kutoka nyonga zote mbili, kisicho na damu, kiwekwe kwenye maji ya chumvi na kutazamwa kwa hadubini baada ya nusu saa na tena kufikia saa 24. Kabla hajaondoka muulize ni lini mara ya mwisho alimeza ivermectin kwenye ugawaji wa dawa kijijini, na uandike mwezi na mwaka kwenye barua. Dawa hiyo huvifyeka vijiminyoo vya ngozini kwa miezi mingi, na kipande kilichochukuliwa mapema baada yake kinaweza kurudi na majibu ya "hakuna kitu" kwa mtu mwenye minyoo mikubwa iliyo hai vinunduni.